Magadi Kwenye Hema la Matango

Wiki ya kwanza baada ya kuacha kazi niliamka saa kumi na moja alfajiri kila siku, nikavaa viatu, kisha nikakumbuka kwamba hakuna jani linalonisubiri. Nikavua viatu, nikarudi kitandani. Siku ya nne nilicheka peke yangu. Siku ya tano nililala hadi saa mbili asubuhi, na kusema kweli sikuwahi kulala hivyo tangu nifike nchi hii.

Ninaandika haya nikiwa Al Warqa, Dubai, nyumbani kwa Madam, mwajiri wangu wa kwanza hapa, nikisubiri ndege ya kunirudisha kwetu Kinangop, Kenya. Chumba nilichopewa ni cha wageni. Zamani nilikuwa nakifagia mimi, kwa hiyo najua kwamba ufagio haufiki nyuma ya kabati, na nimechungulia, bado haufiki. Akello, aliyeshika nafasi yangu kule shambani Hatta, ameniomba niwaandikie ninyi mnaobaki yale ninayoyajua kuhusu ukungu wa majani. Mambo ya vyeo sitayagusa. Nilikuwa na cheo kimoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, nacho kilikuwa "Esta".

Kazi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa kwenye shamba la maua huko Naivasha, na jina la shamba hilo halina haja. Asubuhi tulipulizia waridi dawa, na kabla majani hayajakauka tuliingia kuchuma. Hakuna aliyetuambia tusubiri. Ngozi ya vidole ilinibambuka, na kikohozi nilichokipata kule kilikaa nami miaka mingi kama mgeni asiyejua kuaga. Lakini shamba lile lilinipa jicho. Ukungu mweupe, ule ambao mabwana shamba huuita ubwiri unga, nilijifunza kuutambua nikiwa bado mlangoni. Huanza na doa dogo la unga juu ya jani. Baada ya siku chache jani zima linakuwa kama limeanguka kwenye unga wa chapati, kisha linakunjamana na kukauka, na mmea unabaki fimbo.

Dubai nilikuja kufanya kazi za nyumbani, hapa hapa Al Warqa. Madam ni mtu wa hapa, lakini mama yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo Kiswahili kilikuwamo ndani ya nyumba, kimechanganyika na Kiarabu na Kiingereza. Mwezi wangu wa pili aliniita bustanini akiwa amekunja uso.

"Esta, nani katia unga kwenye roses zangu? Ni watoto?"

"Si watoto, Madam. Ni ukungu."

"Khalas, yalla, nenda dukani ulete dawa."

"Nipe maziwa tu, Madam."

"Maziwa? Unataka kuwapikia chai?"

Nilipata maziwa yangu, ingawa aliyapima yeye kwa mkono wake. Kikombe kimoja cha maziwa kwa vikombe tisa vya maji, unapulizia asubuhi jua likiwa limeshatoka, maana maziwa hufanya kazi pamoja na jua. Ukipulizia kivulini utapata harufu tu. Nilikata pia matawi ya chini yaliyosongamana, na nikamwomba mtunza bustani aache kuyamwagia majani maji jioni, ayapeleke maji shinani, asubuhi. Majani mapya yalitoka safi. Madam akampigia simu kaka yake, ambaye alikuwa na shamba la matango Hatta, na kabla mwaka haujaisha nikahamishiwa huko. Mpishi wa nyumba alisema nimepandishwa cheo kwa sababu ya maziwa, naye akaninunia kidogo.

Siku ya kwanza Hatta nilishuka kwenye gari nikaona milima mikavu pande zote, na katikati mabanda mawili marefu ya plastiki, ambayo wafanyakazi waliyaita mahema. La kwanza lilikuwa la miche. La pili lilikuwa la matango, na ndilo lililokula miaka yangu. Mlangoni alisimama mzee mwembamba amevaa kofia ya kushonwa kwa mkono. Nikampa mkono, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauangalia mkono wangu kama kwamba una matope.

"Mikono nyuma, Bi Esta," akasema.

"Kwa nini, Mzee?"

"Mgeni hashiki. Mgeni hutazama."

Huyo ndiye Mzee Khamis, msimamizi wa hema na mwalimu wangu. Baba yake alitoka Unguja zamani akawa mchukuzi wa magunia ya viungo kule Al Ras, na yeye mwenyewe alizaliwa na kukulia katika vichochoro vya soko lile. Unguja alikwenda mara mbili tu maishani mwake, lakini ukimsikia anavyozungumza ungedhani jana alikuwa Darajani ananunua samaki. Kibali chake cha kukaa nchini kilitegemea kazi, kama changu. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa na pa kurudi.

Wiki nzima alinitembeza mikono ikiwa nyuma. Tulianza upande safi, tukamaliza upande wenye mashaka, kwa sababu ukungu hupanda nguo na kusafiri bure. Upande wenye mashaka ulikuwa ule wa ukuta wa maji. Kwa ambao hamjaingia hemani: kichwa kimoja cha hema kina ukuta wa karatasi nene zenye matundu, maji yanateremka ndani yake, na kichwa cha pili kina feni kubwa zinazoivuta hewa ipite kwenye unyevu huo ili matango yasiive yakiwa mtini. Bila hivyo, kiangazi cha hapa kingeyapika. Lakini karibu na ukuta ule hewa ni nzito, na majani ya chini hukaa kivulini, na hapo ndipo ukungu huweka kambi. Mzee Khamis aliinama kama anayetafuta sindano. Akiona doa, alilifunika jani kwa mfuko kwanza, ndipo akalikata, asilitikise hata kidogo, na mkasi ukaingia kwenye kopo la spiriti kabla ya kugusa mmea mwingine. Nilimuuliza kama anafanya hivyo kila mara. Akaniuliza kama mimi hunawa mikono kila mara.

Kulikuwa na sababu ya unadhifu ule, na sababu hiyo ilikuja kila Ijumaa baada ya swala, imeshikwa mkono na mwanawe. Arbab, mwenye shamba, yule kaka yake Madam, alikuwa akimleta mama yao. Sisi sote tulimwita Bibi. Alikuwa mdogo wa umbo, amejifunga shela, na hakuwa na habari na mtu mpaka afike kwenye mstari wa matango. Hapo alichuma moja, akalipangusa kwenye nguo yake, akaliuma. Halioshwi. Alisema tango lililooshwa lina ladha ya bomba. Kwa ajili hiyo Arbab alikuwa amemuahidi mama yake mbele yetu sote kwamba ndani ya hema lile haitaingia sumu maadamu yeye yu hai. Ahadi ilikuwa yake, kazi ya kuitimiza ilikuwa yetu, na ndivyo ahadi za wakubwa zilivyo.

Miaka ikaenda hivyo. Kikohozi changu cha Naivasha kiliondoka bila kuaga, sijui hata siku gani. Siku moja tu niligundua kwamba nimeimba nyimbo tatu za kanisa mfululizo, nikiwa kwenye ngazi, bila kusimama kupumua.

Kisha ukaja msimu wa baridi ambao hadi leo sijausahau. Asiyeijua Hatta hucheka akisikia neno baridi, lakini asubuhi za Januari milimani kule si mchezo. Feni za hema hujiwasha zenyewe joto likipanda, na baridi ikiwepo hulala. Mimi na Brian, mlinzi wa lango kutoka Kakamega ambaye alikuwa akitusaidia kuchuma, tulitetemeka hadi tukaamua kuziba madirisha ya pembeni kwa magunia. Tuliyaziba asubuhi tukisema tutayafungua mchana. Mchana tulisahau. Mzee Khamis wakati huo alikuwa akienda na kurudi Al Ras kwa sababu mkewe alikuwa mgonjwa, na alipokuwapo aliingilia mlango wa mbele, magunia yakiwa nyuma ya majani mazito. Tulikuwa tumechelewa pia kupunguza majani. Hema likawa kama chumba cha mgonjwa, joto kidogo, unyevu mwingi, hewa imesimama. Ndani ya siku kumi nusu ya mistari ilikuwa nyeupe.

Arbab alikuja siku ya kazi, bila Bibi, na hilo peke yake lilitutia hofu.

"Mzee Khamis, kila mtu Hatta anajenga vijumba vya watalii," akasema. "Mimi nimebaki na majani yenye ugonjwa. Nawapa wiki tatu. Ijumaa ya tatu nikikuta hema safi, linabaki. Nikikuta hivi, khalas, tunalibomoa, na watu wa hema waende kwao."

"Inshallah, Arbab," akajibu Mzee Khamis.

Gari lilipoondoka alipindua ndoo akaikalia. Sikuwahi kumwona ameketi ndani ya hema.

"Mie mtu mzima, Bi Esta. Nani ataniandika kazi sasa? Na kibali kikesha, n'ende wapi? Wanasema kwao. Unguja sina hata mlango wa kubisha hodi."

Niliokota mkasi nikaanza kukata majani.

Tulipulizia maziwa, lakini majani yalisongamana kiasi kwamba maziwa hayakufika ndani wala jua halikufika. Tukajaribu soda ya kuokea, kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne za maji, na matone ya sabuni ili ishike. Ilisaidia kidogo, kisha unga ukarudi. Wiki ya kwanza ikaisha. Mzee Khamis akaitwa tena Al Ras kwa mkewe, akaniachia hema kwa siku mbili.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojiona mjanja. Brian alikuwa ametoka likizo Kenya na pakiti ya magadi, yale ya mawe, ya ziwani. Tulikuwa tumeyaagiza kwa sababu ya githeri, mahindi na maharage ya kwetu. Maharage ya duka letu Hatta yalichemka kutwa nzima na bado yaligonga sahani, na mtu wa Kinangop hawezi kuishi hivyo. Nikaiangalia ile soda ya kuokea ya dukani, unga mwepesi ndani ya kikasha, nikayaangalia magadi. Nikawaza: hiki ni cha kiwandani, hiki ni cha Mungu. Kama magadi yanalainisha maharage ya chuma, ukungu ni nani? Na yalikuwa ya kutoka nyumbani. Hapo akili yangu ilifunga mlango. Mtu akiwa ugenini miaka mingi huamini kwamba kitu cha kwao hakiwezi kumdhuru mtu.

Niliyayeyusha kwenye maji ya moto, nikapima kwa kiganja kama ninavyopima sufuria. Kiganja kimoja, halafu kingine kidogo kwa ajili ya baraka. Nikabeba bomba mgongoni, nikapulizia mistari minne iliyoumwa zaidi, kutoka chini hadi usawa wa mabega, na hapo bomba likaisha. Kwa kuisha kwa bomba lile namshukuru Mungu hadi leo.

Mchana kingo za majani zilianza kujikunja. Asubuhi iliyofuata mistari minne yote ilikuwa ya kahawia, mikavu, kama karatasi iliyopitishwa motoni. Niligusa jani moja likavunjika mkononi. Niliketi kwenye ile ndoo ya Mzee Khamis nikalia. Niliogopa, na sikuogopa kwa ajili yangu. Mimi ningepanda ndege nikafika Kinangop, ningekuta mbuzi na shamba la viazi. Nilikuwa nimemchomea mtu mji wake, tena kwa magadi ya githeri.

Mzee Khamis alirudi adhuhuri. Alisimama mbele ya mistari ile, mikono nyuma.

"Umetia nini?"

"Magadi, Mzee."

"Magadi gani?"

"Ya maharage. Yale ya Brian."

"Umepima?"

Nilimwonyesha kiganja. Alifumba macho. Nilingoja anifukuze, na ningekwenda bila neno.

"Mwaka wangu wa tatu," akasema polepole, "nilipulizia maboga kiberiti cha unga, hii salfa, mwezi wa Juni. Kiberiti dawa nzuri ya ukungu, haina ubaya kwenye baridi. Kwenye joto inachoma. Tena jana yake nilikuwa nimetia mafuta ya mwarobaini, na vitu hivyo viwili havikutani, lazima viachane wiki mbili. Maboga yote yalikufa. Sikumwambia mtu, nilisema ni jua." Akanitazama. "Wewe umesema. Haya, simama. Juu kule naona majani mabichi, hukuyafikia. Tuanze na hayo."

Kwa siku mbili tulikata. Kila jani lililoungua na kila jani lenye unga liliingia mfukoni, na mifuko tukaifukia mbali nje ya shamba, si kwenye lundo la mbolea, kwa sababu ukungu unaweza kurudi na mbolea hiyo. Tulipomaliza, mistari ile minne ilikuwa kama kuku aliyenyonyolewa, shina tupu lenye kishungi cha majani juu. Mzee Khamis alisimama katikati, akanyoosha mkono kuelekea ukuta wa pembeni, akauacha hewani.

"Bi Esta, mbona hapa hapapiti upepo?"

Sasa majani yalikuwa hayapo, na magunia yetu yalionekana wazi, yamejipanga madirishani kama nguo za kufuliwa. Ikabidi niungame mara ya pili. Brian naye akaungama, akiangalia viatu vyake. Mzee aliyang'oa magunia yote mwenyewe, kisha akawasha feni kwa mkono na kuziacha zizunguke kila asubuhi, baridi au hakuna baridi. Akaagiza mistari mingine nayo ipunguzwe majani ya chini hadi usawa wa goti. Tukapulizia maziwa kwenye vishungi, jua likiwaka, na sasa jua lilifika. Ndipo nilipoelewa kwamba wiki nzima tulikuwa tukitafuta dawa ya kitu kilichotaka dirisha lifunguliwe.

Wiki ya pili ikaisha vizuri. Ya tatu ikaanza vibaya. Siku ya Jumatatu niliona madoa mapya kwenye mstari wa karibu na ukuta wa maji, matano au sita. Nikayakata, lakini Brian alikuwa ameniona uso. Jioni alikuja na chupa ndani ya mfuko mweusi.

"Mathe, cheki. Nimetoa hii town. Tunaspray leo, by Friday hema iko clean kabisa. Arbab hajui, Mzee anabaki. Si hiyo ndiyo tunataka?"

Nilifungua kifuniko. Harufu ilinifika kabla sijainama, harufu ya Naivasha, na vidole vyangu vikawasha papo hapo. Lakini nisiwadanganye, nilitaka. Niliwaza Mzee Khamis akiwa uwanja wa ndege na sanduku moja, na nikataka kuimimina yote.

Mzee alitokea nyuma yetu. Akaichukua chupa, akavaa miwani, akasoma maandishi hadi ya mwisho, yale madogo.

"Inasema zao lisiliwe mpaka zipite siku kumi na nne. Ijumaa ni siku ngapi?"

"Nne," nikasema.

"Si unamshow tu Bibi asikule?" Brian akasema. "Aambiwe yako mabichi."

"Bibi yule ameanza kula matango kabla hujazaliwa. Utamwambia mabichi?"

"Lakini Mzee, ni wewe utafukuzwa. Sio sisi."

"Najua, mwanangu." Alimrudishia chupa. "Rudisha dukani. Wakinitoa Dubai, watanitoa nikiwa nalala vizuri. Nikimlisha mama wa watu sumu kisha nikabaki hapa, n'takaa na nani?"

Brian aliirudisha kesho yake asubuhi. Alikuwa ameibadilisha kwa kofia tatu za sufu, akatugawia moja moja, na tukazivaa chini ya upepo wa zile feni. Mzee Khamis alivaa yake juu ya kofia yake ya kawaida. Tuliikagua mistari asubuhi na jioni, jani kwa jani, siku zote nne. Madoa yaliyotokea hayakuzidi vidole vya mikono, na kila moja liliishia mfukoni.

Ijumaa ilifika. Arbab aliingia na Bibi, na alipotaka kushika jani Mzee Khamis akasema, kwa sauti ile ile ya siku yangu ya kwanza, "Mikono nyuma, Arbab." Arbab alimtazama, kisha akaweka mikono nyuma.

Alipita mstari kwa mstari. Karibu na ukuta wa maji aliinama, akaona doa moja, nami nililiona wakati huo huo. Mzee Khamis alilifunika kwa mfuko, akalikata, akatia mkasi kwenye spiriti, bila haraka yoyote. Arbab akaendelea kutembea. Kwenye mistari yangu minne akasimama.

"Na hii? Hii si ukungu. Hii imechomwa."

Mzee Khamis alifungua kinywa, na nilijua anataka kusema ni jua.

"Ni mimi, Arbab," nikasema. "Nilipulizia magadi. Nilidhani yatasaidia, yakachoma. Mzee hakuwapo."

"Magadi ni nini?"

Bibi, ambaye hakuwa na kawaida ya kusikiliza mazungumzo yetu, akageuka.

"Magadi? Ya kupikia kunde?"

"Ndiyo, Bibi. Ya maharage."

"Una magadi, nawe unayatia kwenye majani!" Akanishika mkono. "Mwanangu, mie kunde za hapa haziivi mwaka wa ngapi huu. Mbona hukuniambia?"

Brian alicheka pale mlangoni, akajifanya anakohoa. Bibi akamwacha mwanawe na swali lake, akauendea mstari wa tano, akachuma tango lililopinda kidogo, akalipangusa kwenye nguo. Kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasita.

"Khamis. Mlihangaika sana humu. Mmetia dawa?"

"La, Bibi. Maziwa na baridi tu."

Akaliuma. Nilisikia likivunjika. Feni zilikuwa zikizunguka, na mwanamke mzee akitafuna. Alitafuna hadi akamaliza, akamtupia mwanawe kikonyo.

"Linabaki," Arbab akasema. "Vijumba nitajenga upande wa pili."

Nilitoka nje nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikashika ukuta, nikacheka na kulia kwa wakati mmoja. Mzee Khamis alinikuta huko. Alikuwa amevua kofia zote mbili. Alinipa tango, nami nikalila bila kuliosha.

Vijumba vilijengwa kweli, na watalii wake huja kupiga picha matango yetu. Mzee Khamis alifanya kazi hadi binti yake alipopata kazi nzuri akamwombea kibali cha mzazi, na sasa anaishi Al Ras na mkewe aliyepona, karibu na duka ambalo baba yake alilishushia magunia. Magadi yaliyobaki aliyatia kwenye kopo la chai akalitundika msumarini mlangoni mwa hema. Kila mfanyakazi mpya aliulizwa kopo lile ni la nini. Akello alipoulizwa alijibu kwamba hajui na hatagusa mpaka aambiwe, na siku hiyo hiyo niliona atanifaa.

Basi, Akello, hayo ndiyo ninayoyajua. Fungueni madirisha hata mkitetemeka. Majani ya chini msiyahurumie. Maji shinani, asubuhi. Maziwa juani, na soda ya dukani kwa kijiko, si kwa kiganja. Kiberiti msikiguse baada ya Machi. Na mkikosea, semeni siku hiyo hiyo, kwa sababu jani lililokufa halijifichi na mtu atalikuta tu.

Siku yangu ya mwisho nililishusha lile kopo nikaja nalo hapa Al Warqa. Sikumwibia mtu, Brian ndiye aliyeyaleta magadi na ameniruhusu. Jana Madam aliniachia jiko lake, nikachemsha kunde. Nilipima magadi kwa ncha ya kijiko, Madam akinisimamia kama siku ile ya maziwa. Mzee Khamis alikuja na mkewe kutoka Al Ras. Bibi, ambaye sasa anakaa hapa kwa binti yake, alishuka ghorofani ameshikwa mikono miwili, siku hizi haoni vizuri. Kunde ziliiva zikawa laini hadi ulimi ulitosha kuziponda, na Mzee Khamis alipoonja alilichungulia lile kopo.

"Magadi, hapa ndipo pake," akasema.

Akello alikuwa amenitumia kikapu cha matango yaliyochumwa asubuhi hiyo. Bibi akanyoosha mkono mezani akiyatafuta kwa vidole, akaomba apewe moja. Nilimpa. Tulikuwa watu watano pale mezani, na hakuna aliyeinuka kwenda kuliosha.